Alliance imefikisha miaka 100: je, shule iliwajenga viongozi au iliwachukua wakiwa tayari?

Msomaji wa Ngara
Hamjambo wanajukwaa. Shule ya upili ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu tarehe 1 Machi 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, kwa hiyo mwaka huu wa 2026 imetimiza karne moja. Hapa Nairobi, wazee wanapokutana na kuanza kuzungumzia historia ya nchi, orodha ya majina hutolewa upesi: Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, Jaramogi Oginga Odinga, Ronald Ngala, James Gichuru, Paul Ngei, Jeremiah Nyagah, Gikonyo Kiano. Wote walipita pale, na mawaziri wengi wa serikali ya kwanza ya uhuru walikuwa wanafunzi wa zamani wa shule hiyo moja. Kutokana na hayo, wazee huhitimisha kwamba Alliance ndiyo iliyoizaa Kenya.

Mimi naona hitimisho hilo limeruka hatua. Shule iliyochukua vijana wachache waliofaulu kuliko wenzao katika koloni zima ingewezaje kukosa kutoa viongozi? Naomba mnieleze shule iliongeza nini hasa juu ya akili ambayo kijana alikuja nayo kutoka kwao, na pia watu waliozunguka ua wake walipata nini katika miaka hiyo yote.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Swali zuri, Msomaji, na nitalijibu nikiwa mtu aliyefundisha hisabati karibu maisha yake yote ya kazi. Huwezi kuizungumzia Alliance bila kumtaja Edward Carey Francis. George Grieve aliiongoza shule tangu mwanzo hadi 1940, akaweka msingi, lakini Carey Francis aliyemfuata alikaa hadi 1962, na miaka hiyo 22 ndiyo iliyoipa shule sura tunayoikumbuka. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyeuacha uhadhiri na kuja Maseno mwaka 1928 kama mmisionari, akafundisha huko kwa miaka 12 kabla ya kuhamia Kikuyu. Mtu wa namna hiyo anapoingia darasani kila siku, akasahihisha madaftari kwa mkono wake, akadai kila hatua ya hesabu iandikwe na kila ahadi itimizwe, wanafunzi hubadilika. Akili anayokuja nayo kijana ni mbegu tu, na sote tumeona mbegu bora zikiozea ghalani.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba baada ya kustaafu hakurudi Uingereza kupumzika. Alikuja hapa hapa Nairobi, akafundisha katika shule ya upili ya Pumwani kama mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki mwaka 1966.

Kijana wa Jericho
Sikujua kwamba alifundisha Pumwani, na ninapita pale karibu kila siku. Asante sana, Mwalimu. Naunga mkono hoja yako, kwa sababu shule iliyomtoa Mzee Kenyatta na Tom Mboya haiwezi kuwa ya kawaida.

Mama Shiro, Pangani
Kijana wangu wa Jericho, umeanza kugawa watu wa wenyewe. Mzee Kenyatta alisoma katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, jirani kabisa na mahali Alliance ilipo, lakini aliondoka miaka mingi kabla shule hiyo haijafunguliwa. Tom Mboya alikuwa Mkatoliki, akasomea Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u. Ukihesabu marais wetu wote watano, hakuna hata mmoja aliyesoma Alliance: Kenyatta wa Thogoto, Moi wa Kapsabet na Tambach, Kibaki wa Mang'u, Uhuru wa St Mary's hapa Nairobi, na Ruto aliyemalizia Kapsabet. Shule ilijaza baraza la mawaziri, ikawajaza makatibu na majaji, lakini kiti cha juu kabisa haijawahi kukikalia. Hilo nalo linahitaji maelezo kutoka kwa wanaosema iliizaa nchi.

Mang'u Daima
Mama Shiro, ubarikiwe. Nilikuwa nangojea mtu alitaje jina hilo kabla sijalitaja mwenyewe. Shule yetu ilianzia Kabaa, Machakos, mwaka 1925, yaani kabla ya Alliance, chini ya mapadre wa Roho Mtakatifu. Kauli yetu ni «Jishinde Ushinde», na tulikuwa na somo la urubani na ufundi wa ndege wakati ambapo shule nyingi hazikuwa na maabara ya kutosha. Waprotestanti walikuwa na Alliance, sisi tulikuwa na Mang'u, na ushindani wa misheni hizo mbili uliwafaidi watoto wa Kenya. Ningependa historia iandikwe kwa namna inayoonyesha kwamba kila upande uliogopa kuachwa nyuma na mwenzake.

Wakili wa Ngong Road
Nimesoma michango yote. Mwalimu anamtazama mtu mmoja, Mang'u Daima anatazama madhehebu, ilhali mimi naona maelezo makubwa zaidi yamo katika sera ya utawala wa kikoloni.

Nafasi za sekondari kwa Waafrika zilikuwa finyu kwa makusudi. Kijana alifanya mtihani wa KAPE mwishoni mwa shule ya kati, na waliopita katika tundu lile la sindano walikuwa wachache mno. Wakati huo huo, hapa Nairobi kulikuwa na Prince of Wales iliyofunguliwa Kabete mwaka 1931 kwa wavulana wa Kizungu, ambayo leo ni Nairobi School, na baadaye Duke of York, ambayo leo ni Lenana, huku watoto wa Kiasia wakiwa na shule zao. Serikali iligawa elimu kwa rangi, kisha ikambana Mwafrika katika fungu dogo kuliko yote.

Zaidi ya hayo, Waafrika walikuwa wamejaribu kufungua njia yao wenyewe. Baada ya mzozo wa 1929 kati ya misheni na Wakikuyu, shule huru zilienea kote katika eneo la kati, zikijengwa kwa michango ya wazazi, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaanzisha Chuo cha Walimu cha Githunguri, ambacho baadaye Kenyatta mwenyewe alikiongoza. Mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari kupambana na Mau Mau, chuo kile kilifungwa pamoja na shule huru. Alliance haikufungwa. Tunaposifu mti uliobaki umesimama, ni haki tukumbuke pia ile iliyokatwa, maana hatutajua kamwe Githunguri ingetoa nani kama ingeachwa iishi miaka 100.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Wakili, nakubaliana nawe kuhusu Githunguri kwa moyo wote, na ni huzuni kubwa. Hata hivyo, ufinyu wa nafasi unaeleza kwa nini wahitimu walipata vyeo upesi, lakini haufafanui kwa nini walivishika jinsi walivyovishika. Kulikuwa na shule nyingine chache wakati ule, na hazikuacha alama inayolingana na hii.

Mtumishi wa Umma wa Zamani
Naongeza maelezo ambayo hayajatajwa. Uhuru ulipofika mwaka 1963, ofisi zilizokuwa za Wazungu zilihitaji kujazwa na Waafrika kwa haraka, na mtu anayeajiri kwa haraka huwaita anaowafahamu. Aliyekuwa kiranja wako bwenini, aliyeketi nawe katika chuo cha Makerere, Uganda, aliyejua tabia yako tangu ukiwa na miaka 15, ndiye aliyekuandikia barua ya kukupendekeza. Nilifanya kazi katika idara za serikali kuanzia miaka ya 1970, na niliuona mtandao huo ukifanya kazi bila mtu yeyote kuutamka. Siulaumu, kwa sababu wengi walioingia kwa njia hiyo walikuwa wachapakazi hodari. Ninachosema ni kwamba kufahamiana kulikuwa rasilimali kubwa, na kijana wa shule ya kutwa hakuwa nayo.

Binti wa Thogoto
Shikamooni wazee wangu. Nimezaliwa na kulelewa upande huu wa Kikuyu, na naona mazungumzo yote yamehusu wavulana.

Shule ya wasichana, ambayo leo ni Alliance Girls, ilianzishwa mwaka 1948 ikiitwa African Girls' High School. Ni miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Katika miaka hiyo 22 wavulana walikuwa wameshafika Makerere, wamerudi kufundisha, na Mathu alikuwa ameshaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ilhali msichana mwenye akili sawasawa na kaka yake hakuwa na shule yake ya sekondari. Walipofunguliwa mlango hawakuchelewa kuonyesha uwezo wao. Mwandishi Rebecca Njau alisoma pale, akaenda Makerere, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Nairobi, ambayo sasa ni Moi Girls. Micere Mugo naye alipita Alliance Girls, akawa profesa na mshairi anayeheshimika duniani. Kama hoja ni kwamba shule ilichagua tu akili zilizokuwa tayari, basi akili za wasichana zilikuwa tayari tangu 1926, na hakuna aliyezichagua.

Kuhusu swali la pili la Msomaji, la watu wanaouzunguka ua, nitasema ninachokijua kwa kuishi hapa. Misheni ilileta hospitali, kanisa na shule mahali pamoja, na mpaka leo maisha ya Kikuyu na Thogoto yamejengwa kuzunguka taasisi hizo. Baba yangu alikuwa mpishi katika shule ya bweni, na mshahara wake ulitusomesha sote. Wakulima wa huku wameuzia mabweni maziwa, viazi na sukuma wiki kwa vizazi kadhaa. Lakini mtoto wa mpishi hakuingia katika shule ile kwa sababu ya ujirani. Ilimbidi ashindane na watoto wa nchi nzima kama mtu yeyote mwingine, na wengi wetu tulikua tukiiangalia kutoka upande wa pili wa ua.

Mzalendo wa Starehe
Dada wa Thogoto amegusa mahali panapouma, na napenda kuendelea kutoka hapo, kwa kuwa jijini kwetu ipo shule teule iliyoanzia upande wa pili wa ua.

Starehe ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Walianza na vibanda viwili vya mabati, na wavulana wa kwanza walikuwa yatima na watoto waliokuwa wakilala katika mitaa ya Nairobi, wengi wao wakiwa wameachwa hivyo na vurugu za Hali ya Hatari. Hakuna aliyewachagua kwa alama. Katika miongo michache shule hiyo ikawa inashindana katika mitihani ya kitaifa na Alliance na Mang'u. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, na kwa miaka mingi alisimamia pia Huduma ya Vijana kwa Taifa. Marehemu Profesa George Magoha, aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu, alikuwa mmoja wetu.

Mambo mawili yalitujenga. La kwanza ni baraza la kila wiki, ambapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliweza kusimama mbele ya shule nzima na kumuuliza mkurugenzi swali, naye akajibiwa kwa heshima. Nilijifunza kuzungumza mbele ya watu pale kuliko mahali pengine popote. La pili ni huduma ya kujitolea. Tulipomaliza kidato cha nne hatukukaa nyumbani tukingoja matokeo na barua za vyuo, bali tulitumwa kufundisha katika shule za mashambani, kusaidia hospitalini na kufanya kazi katika ofisi za umma bila mshahara. Mimi nilipelekwa katika shule ya kutwa iliyokosa mwalimu wa fizikia, nikafundisha watoto waliokuwa karibu na umri wangu. Msomaji akiuliza shule iliongeza nini, jibu langu ni hilo.

Mpenda Takwimu
Mzalendo, hadithi ya Starehe inanigusa pia, lakini tuwe waangalifu. Starehe ya 1959 haikuchagua kwa alama, ilhali Starehe ya miaka ya baadaye ilipokea maombi mengi kuliko nafasi, ikachagua watoto maskini waliokuwa pia hodari darasani. Kwa hiyo haiwezi kutumiwa moja kwa moja kama ushahidi kwamba shule huumba akili.

Njia ya haki ni kumlinganisha mtoto aliyeingia shule ya kitaifa kwa alama za mwisho kabisa na yule aliyeikosa kwa alama moja, kwa kuwa wawili hao ni karibu sawa. Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo kwa kutumia matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na KCSE, wa kumaliza sekondari, wakachapisha utafiti wao mwaka 2014. Waligundua kwamba kuingia shule ya kitaifa, pamoja na wenzake hodari na vifaa bora, kulimwongezea mwanafunzi kidogo sana katika alama za KCSE kama kulimwongezea chochote. Naona Msomaji wa Ngara ana hoja yenye nguvu kuliko anavyodhani.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Mpenda Takwimu, utafiti huo unahusu watahiniwa wa KCSE, mtihani ambao haukuwapo kabla ya 1989. Kijana wa 1945 aliyeikosa Alliance hakwenda shule ya mkoa iliyo dhaifu kidogo. Wengi walirudi shambani au wakaenda kuwa makarani. Pia alama za mtihani hazipimi ujasiri wa kusema mbele ya watu wala uaminifu wa mtu aliyeshika fedha za umma, mambo ambayo Mzalendo ameyaeleza vizuri.

Mzazi wa Umoja
Naomba niseme kama mzazi. Mwanangu wa kwanza aliitwa katika shule ya kitaifa miaka michache iliyopita, na furaha yetu ilikuwa kubwa hata majirani wakaja kutupongeza. Karo iliyotangazwa na serikali kwa shule za namna hiyo ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kiasi ambacho familia inayouza mitumba haikipati kwa urahisi, na juu yake kulikuwa na sare, sanduku, godoro, nauli na michango mingine. Tulizunguka ofisi tukiomba basari, tukapata sehemu, na sehemu nyingine ikatolewa na ukoo. Mwenzake wa mtaa uleule, aliyekuwa na alama zinazolingana na zake, wazazi wake walishindwa, akaenda shule ya kutwa karibu na nyumbani. Ninyi mnajadili kama shule huchagua akili. Mimi nimeona kwamba huchagua pia mfuko, na hilo halionekani katika orodha ya majina makubwa.

Mama Shiro, Pangani
Mzazi wa Umoja, pole na hongera kwa pamoja. Ndiyo maana napenda wanafunzi wa zamani wapimwe kwa karo wanazolipia watoto wa wengine.

Mang'u Daima
Tukiwa tunazungumzia urithi, mmewahi kuyatazama majengo ya Nairobi School? Mchoro wake ni wa Herbert Baker, msanifu aliyechora pia Union Buildings za Pretoria. Naona ni majengo ya shule mazuri kuliko yote katika jiji hili.

Wakili wa Ngong Road
Ni mazuri kweli, na yalijengwa kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa na haja ya kupita KAPE. Turudi Kikuyu. Kuna ushuhuda mmoja ambao unanifanya nisite kuisifu Alliance au kuilaumu moja kwa moja. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma pale kuanzia 1955 hadi 1958, katikati ya Hali ya Hatari. Ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyorudi likizo baada ya muhula wa kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa katika kijiji kipya chini ya ulinzi. Ndani ya ua kulikuwa na Shakespeare, mechi na sala, na nje yake kulikuwa na walinzi, misako na vizuizi. Shule ilimpa hifadhi pamoja na lugha ya Kiingereza ambayo baadaye aliitumia kuushtaki ukoloni, kisha akaiacha katika riwaya zake na kuandika kwa Kikuyu. Carey Francis hakuwa mtu wa harakati za uhuru hata kidogo, ilhali vijana aliowalea ndio walioipokea bendera. Ukiniuliza kama shule ndiyo iliyowafanya hivyo au walifanikiwa licha ya shule, naweza kutetea pande zote mbili mahakamani na nikashinda.

Kijana wa Jericho
Mimi ninalo wazo, na naomba wazee wanisikilize. Mwalimu amesema Carey Francis alifundisha Pumwani kuanzia 1962 hadi 1966. Pumwani ilikuwa shule ya watoto wa Eastlands, si ya waliochujwa kutoka nchi nzima. Kama siri ilikuwa ni mwalimu, basi wanafunzi wake wa Pumwani wangepaswa kuonyesha tofauti. Kama siri ilikuwa ni mchujo, hawangeionyesha.

Mpenda Takwimu
Hilo ni jaribio bora kuliko lolote lililotolewa katika uzi huu, na limetolewa na mdogo wetu kuliko wote.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Ni wazo zuri, lakini lina mipaka. Pale alikuwa mwalimu mmoja kati ya wengi, hakuwa na mamlaka juu ya ratiba wala juu ya bweni, na muda wenyewe ulikuwa takriban miaka minne.

Mpenda Takwimu
Basi, Mwalimu, unakubali kwamba si mtu peke yake, bali ni bweni na mamlaka na wingi wa miaka.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Nakubali kwamba mwalimu anahitaji shule inayomwezesha. Sikubali kwamba shule inaweza kuwa kubwa bila mwalimu.

Mzazi wa Umoja
Na sasa mchujo wenyewe umebadilika. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwanangu wa pili ni miongoni mwa wanaoelekea shule za upili za juu chini ya mtaala mpya. Nafasi inatolewa kwa kuzingatia KJSEA, yaani mtihani wa gredi ya 9, asilimia 60, KPSEA, mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20, na mtoto huchagua njia moja kati ya tatu kabla hata hajachagua shule. Je, hayo majina makubwa yataendelea kuwa makubwa?

Binti wa Thogoto
Mzazi, hilo linategemea pia njia ambayo mtoto anaipenda. Msichana anayetaka sanaa au michezo atatazama shule yenye walimu na vifaa vya fani hiyo, hata kama haina historia ya miaka 100. Ushauri wangu ni mwitembelee shule mkiweza, mwulize wanaofundisha ni akina nani na wamekaa hapo kwa muda gani, kisha mwulize pia masharti ya basari kabla ya kujaza fomu.

Msomaji wa Ngara
Nawashukuru nyote. Kwa wanaotaka kuchimba zaidi, mwanahistoria Benjamin Kipkorir, ambaye mwenyewe alisoma Alliance, aliandika tasnifu yake ya uzamivu huko Cambridge kuhusu shule hiyo na chimbuko la tabaka la wasomi wa Kenya, akaishia mwaka 1962. Bado nashikilia kwamba mchujo ulifanya kazi kubwa kuliko tunavyokiri, ingawa hoja ya Binti wa Thogoto kuhusu wasichana imenikaa rohoni, kwa kuwa inaonyesha kwamba akili bila mlango haifiki popote.

Kijana wa Jericho
Kabla uzi haujafungwa: waliokuwa Pumwani wakati wa Carey Francis sasa wana miaka karibu 80. Wazee wa namna hiyo wapo hapa Jericho, Shauri Moyo na Majengo. Nitaanza kuuliza mtaani kwetu wiki hii. Mwalimu, naomba unipe maswali matatu ambayo ungependa niwaulize.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Waulize aliingia darasani saa ngapi, alimfanya nini mwanafunzi aliyekuwa nyuma ya wenzake, na wao wenyewe walifanya kazi gani baada ya shule. Ukipata hata wawili, andika majibu yao kama walivyoyasema, uyalete hapa.